Fito za Wiedemann na Franz

Katika maabara ya leo, kupima jinsi shaba inavyopitisha umeme ni kazi ya muda mfupi. Kupima jinsi shaba hiyohiyo inavyopitisha joto ni shughuli nyingine kabisa. Iliwasumbua wanasayansi wa Ulaya tangu majaribio ya Jan Ingenhousz miaka ya 1780 hadi mwaka 1853, Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, walipochapisha vipimo vyao vya fito za metali. Vipimo hivyo vinastahili kusomwa upya kwa sababu ya namna vilivyopatikana, pengine kuliko hata kwa matokeo yake.

Shida ni kwamba umeme una kihami cha kweli, na joto halina. Shaba huushinda upitishaji umeme wa kioo kwa mara trilioni nyingi, kwa hiyo ukiuvika waya ganda la plastiki, mkondo wote unaoingia upande huu hutokea upande ule. Kwenye joto mambo hayako hivyo. Shaba hupitisha takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini, kioo takriban 1, na hata hewa iliyotulia hupitisha 0.026. Kati ya shaba na hewa hiyo kuna tofauti ya mara elfu 15 hivi, basi. Ukipasha ufito ncha moja, joto huvuja ubavuni njia nzima, na kinachofika ncha ya pili hakikuambii moja kwa moja ni kiasi gani kilichosafiri ndani ya metali.

Ingenhousz, kwa pendekezo la Benjamin Franklin, alizipaka nta nyaya za metali mbalimbali, akazitumbukiza ncha zake katika mafuta ya moto, kisha akatazama nta imeyeyuka hadi wapi. Jaribio hilo lina akili nyingi kuliko linavyoonekana. Hesabu za Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake cha joto mwaka 1822, zinaonyesha kwamba ikiwa nyaya zina unene mmoja na nyuso zinazovujisha joto sawa, upitishaji hufuata mraba wa urefu ulioyeyuka: nta ikiyeyuka umbali maradufu, upitishaji ni mara nne. Nta yenyewe ilikuwa imezipa nyaya zote uso wa aina moja. Baadaye Mfaransa César Despretz alitumia vipimajoto halisi, lakini ili kuviingiza alitoboa mashimo katika metali na kuyajaza zebaki, na kila shimo likawa kizuizi katika njia ileile aliyotaka kuipima.

Wiedemann na Franz hawakutoboa kitu. Waligusisha ubavu wa ufito kwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, ambazo hutoa umeme mdogo unaoongezeka kadiri kiungo kinavyopata joto. Kiungo hicho ni kidogo, hakiibi joto jingi, na kinaweza kusogezwa kutoka nukta hadi nukta. Lakini hatua ninayoiona kuwa ya ustadi mkubwa zaidi ni nyingine: fito zote, ziwe za chuma, risasi au shaba, walizipaka utando mwembamba wa fedha kwa njia ya umeme. Hawakujaribu kuzuia uvujaji, maana hauzuiliki. Waliusawazisha. Fito zote zilipokuwa na uso mmoja, tofauti iliyosalia kati yake ilitoka ndani ya metali.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua nukta tatu zilizoachana kwa umbali sawa, na kila moja upime imezidi halijoto ya mazingira kwa kiasi gani. Jumlisha ya kwanza na ya tatu, ugawe kwa ya katikati. Jibu ni lilelile popote utakapoanzia kwenye ufito, na linabeba uwiano kati ya uvujaji na upitishaji. Uvujaji ukiwa sawa kwa wote, upitishaji wa metali mbili unalinganishika.

Kwa kuipa fedha 100, walipata shaba 74, dhahabu 53, chuma 12, risasi 9 na bismuthi 2. Orodha ya umeme ya wakati huo ilisema 100, 73, 59, 13, 11 na 2. Safu mbili, karibu sawa. Bati ndilo lililogoma: 15 kwa joto, 23 kwa umeme. Kwa vipimo vya sasa bati hupitisha umeme kwa takriban 15, kwa hiyo namba ya joto, iliyopatikana kwa taabu, ndiyo iliyokuwa sahihi, na ya umeme ndiyo iliyopotoka.

Umeme nao una mtego wake. Waya wa shaba wa mita moja wenye eneo la milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 tu. Viungo na nyaya za kifaa chenyewe vinaweza kuzidi hapo, ukajikuta unapima kibanio badala ya shaba. Dawa yake, ambayo William Thomson aliitumia katika daraja lake la kupimia ukinzani la mwaka 1861, ni kutumia miguso minne: miwili ya nje hupitisha mkondo, miwili ya ndani husoma volti. Inayosoma volti haibebi mkondo wa maana, kwa hiyo ukinzani wake hauharibu jibu.

Kwa vitu vinavyopitisha joto kwa shida, kama mpira au kadibodi, Charles Lees alitumia sahani nyembamba na pana iliyobanwa kati ya metali mbili, ili ubavu wa kuvujia uwe mdogo. Mwaka 1961 Parker na wenzake watatu huko Marekani walikwenda mbali zaidi: waliupiga uso mmoja wa kipande chembamba kwa mmweko wa taa, wakapima muda ambao uso wa nyuma ulichukua kufikia nusu ya ongezeko lake la halijoto. Jibu hupatikana kabla joto halijavuja vya kutosha kulivuruga.

Mwaka 1872 Mdenmaki Ludvig Lorenz alionyesha kwamba uwiano wa upitishaji wa joto na wa umeme katika metali hukua pamoja na halijoto halisi. Namba yake, 2.44 × 10⁻⁸, inatokana na elektroni kubeba vyote viwili. Mafundi wengi huitumia kama njia ya mkato: pima umeme, kokotoa joto. Kwa shaba katika halijoto ya chumbani hesabu hutoa takriban 415, na kipimo halisi ni 400. Kwa chuma cha pua hutoa takriban 10, ilhali kipimo ni karibu 15, kwa kuwa mitetemo ya atomi nayo hubeba sehemu ya joto. Kwa almasi, isiyo na elektroni huru, hutoa karibu sifuri, ilhali almasi safi hupitisha zaidi ya wati 2,000 kwa mita kwa kelvini, mara tano ya shaba. Hapo hakuna mkato. Joto lenyewe ndilo la kupimwa.