Ngumi Huanzia Kisiginoni

Kijana amekaa juu ya mzizi wa mwembe, ncha ya bandeji kaiuma kwa meno. Jua la Sikonge halijachomoza vizuri. Anatia kitanzi cha bandeji kwenye dole gumba, anaizungusha kwenye kifundo cha mkono mara tatu, anapanda nayo kwenye vifundo vya vidole mara tatu, kisha anapitisha kitambaa kati ya kidole na kidole kama fundi anayesuka kitanda cha kamba. Anakunja ngumi, anaikunjua, anaikunja tena. Kitambaa kikibana mno vidole vinakufa ganzi. Kikilegea, kifundo kinateguka. Mkono wa kushoto haujamridhisha. Anaufungua wote na kuanza upya.

Juu yake, kwenye tawi nene, linaning'inia gunia la maranda na mchanga, limeshonwa na kushonwa tena mpaka nyuzi zimekuwa nyingi kuliko gunia lenyewe. Mimi hupita pale nikienda stendi. Nilipomwona mara ya kwanza nilisimama, nikasubiri kipigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mbona gunia hulipigi?"

"Bado, mzee. Kwanza miguu."

Nilisubiri robo saa nzima. Gunia halikuguswa.

Alichokifanya ni hiki. Ardhini alikuwa amechora mistari miwili kwa mkaa. Mguu wa kushoto aliuweka mbele, wa kulia nyuma, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo, kiasi cha kupitisha karatasi. Kusonga mbele, mguu wa mbele ndio uliotangulia na wa nyuma ukafuata. Kurudi, wa nyuma ukaanza. Kwenda kushoto, kushoto kwanza. Kwenda kulia, kulia kwanza. Miguu haikukutana wala haikupishana. Bondia ambaye miguu yake imekutana amekuwa mlingoti: hata ngumi isiyo na uzito itamwangusha, na watu watasema ana kidevu laini, kumbe kosa lilikuwa chini.

Nguvu nayo hutoka huko huko chini. Kisigino cha nyuma kikizunguka, goti linageuka, nyonga inafuata, bega linafuata nyonga. Mkono ndio wa mwisho kupata habari. Anayeanza kujifunza hurusha mkono peke yake, na baada ya raundi mbili bega limekwisha. Aliyefundishwa hutuma mwili mzima, kisha anaurudisha mkono kidevuni haraka kuliko alivyoutoa, kwa sababu mkono uliokwenda ukachelewa kurudi ni mlango ulioachwa wazi.

Huku kwetu Unyamwezi habari ya miguu si ngeni. Katika karne ya 19 mpagazi wa huku alichukua frasila mbili, kilo thelathini na kitu, akatembea nazo hadi Bagamoyo. Na zipo pembe za ndovu zilizozidi uzito huo. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini mzigo hakuubeba kwa bega. Bega lilikuwa kiti tu. Mbebaji alikuwa mguu. Aliyejua kazi alipima hatua asubuhi ili apate ya jioni, na msafara wote ulimfuata kirangozi, mtu wa mbele, aliyejua mwendo gani utawafikisha kambini wakiwa wazima.

Siku hizi nayatazama mapambano kwa macho hayo. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Mwenye pambano kuu usiku ule alikuwa Amir Khan. Pambano la Mwakinyo lilikuwa la utangulizi, na karibu kila mtu alitegemea Mwingereza atashinda. Raundi ya pili refa akaingia kati na kulisimamisha. Mtanzania alikuwa ameshinda, na nchi nzima ikamjua.

Video ile nimeiangalia mara nyingi kwenye simu. Mwanzoni nilitazama ngumi, kama kila mtu. Sasa naziba nusu ya juu ya kioo kwa kiganja, nabaki na miguu tu, na hapo pambano linakuwa jingine. Unaona nani anamfuata nani, nani anakanyaga penye nafasi, nani miguu yake imeanza kukaribiana sekunde kadhaa kabla kichwa hakijajua kuwa kiko hatarini. Ukiondoa kiganja, ngumi inafika kama barua ambayo ulishaisoma.

Ushindi wa raundi mbili hupendwa, lakini anayetaka kuujua ufundi wenyewe atazame pambano la raundi 12. Agosti 2013, kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi, akautwaa mkanda wa dunia wa WBF wa uzani wa super middle. Raundi 12 za dakika tatu tatu ni dakika 36 za kazi, na katikati yake mapumziko 11 ya dakika moja moja. Majaji watatu huandika raundi kwa raundi: kwa kawaida kumi kwa aliyeishinda, tisa kwa aliyeipoteza. Raundi nzuri ya tatu haikopeshi raundi mbaya ya tisa. Kila moja inalipwa taslimu. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya jabu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele. Mara chache humwangusha mtu. Inampima, inamsumbua, inamzuia kupanga miguu yake. Ni hatua za asubuhi za mpagazi.

Na dakika ile moja ya mapumziko ina mafundi wake. Kiti kinaingia kabla bondia hajafika kwenye kona. Mmoja anatoa kinga ya meno na kuisuuza. Mwingine anakandamiza chuma baridi juu ya uvimbe, anapaka mafuta ya mgando kwenye nyusi ili ngumi iteleze isichane. Kocha anasema jambo moja. Akisema matatu, bondia atainuka na sufuri.

Kazi hii pia humdai mtu. Septemba 2022 Mwakinyo alirudi Uingereza, safari hii Liverpool, akakutana na Liam Smith, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Raundi ya nne akasimamishwa, na mwenyewe akataja maumivu ya mguu. Wengi mitaani walicheka sababu ile. Mimi sikucheka. Mguu ukikataa, bondia amebaki na mikono miwili isiyo na pa kusimama. Na kupoteza si kufutika. Mwaka 1970, kwenye fainali ya michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, bondia wetu Titus Simba alishindwa na Mwingereza John Conteh, akaja nyumbani na medali ya fedha. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Ukijua alipofika mshindi, ndipo unapojua Simba alisimama mbele ya mtu wa namna gani.

Jana nilipita tena penye mwembe. Kijana hana mkanda, na jina lake halijavuka mto wowote. Bandeji tayari, miguu kwenye mistari. Akasogea kushoto, akarudi, akasogea tena. Kisha, bila kuonya, kisigino kikazunguka na gunia likatoa mlio mmoja mzito. Tawi likatikisika, maranda yakamwagika kutoka kwenye mshono.

Gunia lilikuwa bado linapepesuka, lakini yeye hakulitazama. Aliinamisha kichwa kuangalia mistari ya mkaa, aone mguu wa nyuma umetua wapi. Ulikuwa umepita mstari kwa upana wa kidole. Akaufuta ule mstari kwa unyayo, akauchora upya, akaanza.