Mapenzi na Mipaka ya Rangi: Tathmini ya Filamu "Mississippi Masala"

Filamu hii ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Mira Nair, mzaliwa wa India, ni hadithi ya mapenzi baina ya Mina, binti wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, na Demetrius, Mmarekani mweusi mwenye kazi ya kusafisha mazulia. Kwamba ina watu wa rangi mbalimbali ni jambo lililo dhahiri. Swali tunalokusudia kulijadili ni lingine: ni nani kati yao aliyepewa nafasi ya kuwa mtu kamili?

Hadithi inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Jay, baba yake Mina, ni mwanasheria anayeihesabu Uganda kuwa nchi yake. Okelo, rafiki yake tangu utoto, ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Jay anaondoka na jeraha hilo moyoni, bila kumuaga. Miaka kadhaa baadaye familia inaishi katika moteli mjini Greenwood, jimbo la Mississippi, ambako hadi mwaka 1967 sheria ilikataza mweupe kuoana na mweusi.

Sifa ya kwanza ya filamu ni kwamba haigawi wanadamu katika makundi mawili tu, waonevu na waonewa. Wahindi waliofukuzwa kwa sababu ya rangi yao ndio wanaomkataa Demetrius kwa sababu ya rangi yake. Hata miongoni mwao, binti mweusi kidogo huhesabiwa kuwa na bahati haba ya kuolewa. Sifa ya pili imo katika ziara ya Mina nyumbani kwa akina Demetrius. Yeye ni Mhindi asiyeijua India, nao ni wazao wa Afrika wasioijua Afrika. Wanapokaa mezani pamoja, utengano unageuka kuwa undugu, wala hakuna anayehubiri.

Hata hivyo, tunaona kasoro mbili. Alicia, aliyekuwa mchumba wa Demetrius, hana kazi kubwa katika hadithi ila kuonewa wivu na kudharau. Mwanamke mweusi amepunguzwa ili mapenzi mapya yang'ae. Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Okelo ndiye aliyemtoa Jay kifungoni, lakini nyumba yake, hofu yake na sababu za maneno yake hatuonyeshwi. Jay anaporudi Kampala kudai mali yake, anakuta Okelo amekwisha kufa. Tunalia pamoja na Jay kwa ajili ya Okelo, lakini hatukupata kumsikiliza Okelo mwenyewe vya kutosha. Waganda wengine ni askari wa vizuizini au nyuso za barabarani.

Hapa tunakumbuka Hesabu 12. Miriamu na Haruni walimnung'unikia Musa kwa sababu ya mwanamke Mkushi aliyemwoa. Tunajua walalamikaji walisema nini, na Bwana aliwajibu nini. Mwanamke mwenyewe hasemi neno. Yumo katika habari, na habari inatokana naye, lakini sauti yake haimo. Kuwapo na kusikika ni mambo mawili.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mchungaji anayeletewa vijana wawili wa makabila mbalimbali wanaotaka kuoana. Wazee wa pande zote mbili huja ofisini na kusema mengi juu ya mkwe mtarajiwa, naye ameketi papo hapo, ametajwa mara kumi bila kuulizwa lolote.

Twaipendekeza filamu hii itazamwe na kujadiliwa na wanafunzi wetu, kwa kuwa imefika mbali kuliko nyingi za aina yake. Watakapoitazama, wahesabu si nyuso tu. Waulize pia Okelo angesema nini, kama angepewa nusu saa.