Nta ya Gitting na Mzee Asiye na Haraka

Nyuki kibarua hutoa nta kwa tezi nane zilizo upande wa chini wa tumbo lake. Inatoka kama magamba membamba mno, naye huyatafuna moja moja kabla ya kuyabandika kwenye sega. Inakadiriwa kuwa nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili wapate kilo moja ya nta. Hata hivyo, kwa miaka mingi warina asali wengi wa Tanzania walikamua asali, wakapika pombe, na masega wakayatupa jalalani.

Mzee ninayemzungumzia hapa hatupi kitu. Anaishi Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, ambako usiku baridi hupenya hadi kwenye mifupa. Baridi hiyo ndiyo adui wa kazi yake, na sababu yake tutaiona mbele.

Kwanza anayachambua masega. Meupe na ya manjano anayaweka upande mmoja. Meusi, yale ambamo vizazi vya majana vililelewa, upande wa pili. Meusi yana nta kidogo na takataka nyingi: maganda ya majana, chavua, gundi ya nyuki. Kisha anayavunjavunja na kuyaloweka kwenye maji baridi ili asali iliyobaki itoke. Maji hayo hayamwagwi. Wanaopika pombe ya asali wanajua pa kuyapeleka.

Chombo chake cha kuyeyushia ni sufuria ya aluminiamu. Ya chuma haigusi, kwa sababu chuma hugeuza nta kuwa ya kahawia, na shaba huitia ukijani. Maji anayotumia ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati, kwa kuwa maji yenye chokaa huchanganyika na nta ikawa uji usiotengana. Anatia maji kwanza, masega baadaye, na moto anauweka mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo moto mkali hauna faida yoyote zaidi ya kuichoma rangi na harufu. Tena nta iliyomwagikia motoni hulipuka moto kama mafuta ya taa. Mzee haondoki jikoni hata akiitwa na mgeni. Mgeni ndiye anayeletewa kigoda hapo hapo.

Yote yakishayeyuka, anayamimina kwenye mfuko wa gunia la katani na kuufunga mdomo. Anaupitisha kati ya vijiti viwili, mjukuu anashika ncha moja, na wanausokota taratibu. Nta inachuruzika pamoja na maji, ya rangi ya chai ya maziwa, haivutii hata kidogo. Mfuko unarudishwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa tena, mpaka yabaki machicha makavu. Machicha huenda shambani.

Sasa ndipo ufundi unapoonekana, na ajabu ni kwamba mikono imeshamaliza kazi. Nta ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu. Uchafu mzito huzama, lakini unahitaji muda wa kuzama kabla nta haijaganda. Kwenye baridi ya Gitting, ndoo iliyoachwa wazi huganda upesi, uchafu ukanaswa katikati na bonge likapasuka. Kwa hiyo mzee anaifunika ndoo kwa kipande cha bati, anaizungushia magunia, na juu yake anaweka blanketi. Nina hakika kuna wajukuu wanaolala na blanketi jembamba kuliko lile.

“Babu, imeshaganda?” mjukuu anauliza.

“Bado. Iache.”

Asubuhi bonge limesinyaa na kujiachia lenyewe kwenye kuta za ndoo. Analigeuza, na chini kuna tabaka la kijivu, laini kama jivu lililolowa. Analikwangua kwa kisu, polepole, akisimama mara tu anapofikia manjano safi. Halafu anaanza upya: anayeyusha, anachuja kwa kitambaa cha pamba, anafunika, anangoja. Wengi huishia mara ya kwanza, na nta yao huuzwa. Yeye haridhiki mpaka upande wa chini ufanane na wa juu.

Nta ina wateja wa kila namna. Fundi viatu huipaka uzi wake, kanisa hutaka mishumaa, wachoraji wa batiki huhitaji ya kuzuia rangi. Mwaka 1908, sambamba na Olimpiki ya London, yalionyeshwa mashindano ya bastola ambamo watu walilengana kwa risasi za nta, nyuso zimekingwa kwa vinyago na miili kwa makoti mazito. Hadi leo wako Wamarekani wanaotumia risasi za nta kushindana kwa kasi ya kuchomoa bastola. Kwa wateja wote hawa chembe ya mchanga ni hasara: hukata uzi, huzima utambi, hukwaruza mtutu.

Basi ukienda kununua nta, usiishie kutazama juu, maana juu kila bonge hung’aa. Ligeuze uone chini, livunje uone katikati, kisha linuse. Likiwa safi kote na bado linanukia asali, usimpunguzie bei aliyelitengeneza.