Kigoda Nyuma ya Kioo: Mahali pa Maonyesho na Haki ya Kuihakiki Sanaa ya Waturkana

Kwa muda mrefu wahakiki wa uchoraji na uchongaji nchini Kenya wamelitazama suala la mahali pa maonyesho kana kwamba ni suala la majengo tu. Jumba la sanaa lenye kuta nyeupe na mlinzi mlangoni huhesabiwa kuwa la wachache. Ghala, jengo la benki ya zamani, kibanda cha mabati au ukuta wa duka huhesabiwa kuwa vya umma. Paa ya Paa, iliyoanzishwa mwaka 1965 katika Sadler House, katikati ya Nairobi, na GoDown, iliyofungua milango mwaka 2003 katika maghala ya eneo la viwanda, husifiwa kwa kigezo hicho hicho. Makala haya hayakusudii kuzipinga sifa hizo. Yanadai tu kwamba kigezo chenyewe ni kifupi, na kwamba ufupi wake hudhihirika kinapopimwa kwa sanaa ya Waturkana. Yawezekana mahali pasiwe pa kawaida na bado pakamnyima mtazamaji jambo ambalo bila hilo hapana uhakiki, yaani nafasi ya kuijibu kazi iliyo mbele yake.

Mfano wa kuanzia uko Nairobi. Mwaka 1970 Alan Donovan, Mmarekani aliyekuwa amesafiri hadi Turkana, alionyesha jijini vitu alivyovikusanya huko. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa muda mfupi mwaka 1966, aliyatazama maonyesho hayo akavutiwa, na kutokana na kukutana kwao ukazaliwa ushirikiano ulioleta African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970. Murumbi alifariki mwaka 1990. Sehemu ya hazina aliyoikusanya leo imo ndani ya jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, lililojengwa mwaka 1906 kwa ajili ya benki. Kwa kigezo cha wapiti njia, si rahisi kupata mahali pa maonyesho palipo bora kuliko hapo. Mkazi wa Nairobi akimwambia mwenziwe wakutane “Archives”, hahitaji kueleza zaidi. Vituo vya matatu viko hatua chache, na watu hungojana mbele ya jengo tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo wengi wao hungojana nje. Ukumbi wa benki uliogeuzwa ukumbi wa sanaa umerithi pia adabu ya benki: mtu huingia akiwa na shughuli maalumu, hulipa kiingilio, hunyamaza, hutoka.

Lakini hata huyo aliyeingia anakuta nini? Kigoda cha Kiturkana kinapowekwa nyuma ya kioo, iwe Nairobi au katika makavazi ya Ulaya, hupoteza zaidi ya hewa. Ekicholong, kama kinavyoitwa na wenyewe, ni kiti na mto kwa wakati mmoja. Mwanamume huenda nacho malishoni. Hukikalia chini ya mti wazee wanapozungumza. Na usiku hukiweka chini ya kichwa, desturi iliyokuwa na maana zaidi zama za nywele zilizokandikwa udongo na kupambwa kwa manyoya ya mbuni, ambazo hazikupaswa kugusa mchanga. Mchongaji huupunguza mti mpaka kigoda kiwe chepesi cha kubebwa kutwa. Akizidisha, mguu utavunjika. Akipunguza chini ya inavyofaa, mwenye kukibeba atakichoka kabla ya kufika kisimani. Uzuri wa kazi hii umo katika mvutano huo, na jicho peke yake haliwezi kuufikia. Hupimwa kwa mkono unaokinyanyua na kwa shingo inayokilalia. Hata ule mng'ao wa hudhurungi ambao wakusanyaji huupenda mno ni jasho na mafuta ya mwili wa mtu fulani.

Kioo huruhusu jicho tu. Baada ya jicho huja lebo, ambayo aghalabu husema: Turkana, mti, sentimita kadhaa. Huyo “Turkana” ndiye mchongaji aliyefanya kazi nyingi kuliko wote duniani, maana kila makavazi yana kazi yake! Mtu mmoja aliyejulikana kwa mkono wake, ambaye majirani wangeweza kusema kigoda hiki ni chake na kile si chake, amegeuzwa kuwa kabila zima. Haifai, hata hivyo, kukidharau kioo. Mchwa na joto havina heshima kwa sanaa, na laiti Murumbi hangekusanya, vingi vya vitu hivyo vingekuwa vimetawanyika katika nyumba za watu binafsi ng'ambo. Linalopingwa hapa ni mazoea ya kudhani kwamba kuhifadhi kumekwisha kuwa kusoma.

Idara za fasihi hazina udhuru wa kuupita ubishi huu, kwani ni ubishi wao wenyewe. Tangu Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walipotoa hoja yao katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968, kwamba masomo ya fasihi yaanzie Afrika na fasihi simulizi ipewe nafasi yake, wanafunzi wamefundishwa kutoridhika na matini iliyolala kwenye karatasi. Huuliza fanani alikuwa nani, hadhira ilimjibu vipi, utendaji ulifanyika wapi na wakati gani wa siku. Mwanafunzi anayewasilisha ngano bila maswali hayo hurudishiwa kazi yake. Mwanafunzi huyo huyo huingia katika maonyesho ya vyombo vya Waturkana, akasoma lebo, akaridhika. Elepit, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, nacho kina fanani na hadhira. Kukionyesha kikiwa kikavu, bila harufu ya maziwa na moshi, ni sawa na kuchapisha kiitikio cha wimbo na kuwaacha waitikiaji.

Mambo hubadilika kidogo mjini Lodwar. Kando ya barabara wanawake huketi na vikapu vya majani ya mkoma, na hapana anayepaita mahali hapo jumba la sanaa. Mnunuzi hukichukua kikapu, hukigeuza, huingiza kidole mahali ambapo mshono umelegea, huuliza. Aliyesuka yupo, hujibu, na jirani yake msusi huongeza lake bila kuombwa. Huo ni uhakiki, tena mkali kuliko mwingi unaochapishwa. Ni kweli kwamba soko nalo lina udikteta wake: mgeni apendaye rangi kali na umbo la kuingia katika begi la ndege hatimaye huamua kinachosukwa. Tofauti ni kwamba hapa msusi anaiona nguvu hiyo na anaweza kubishana nayo bei. Tamasha la Tobong'u Lore, linaloandaliwa na serikali ya kaunti katika enzi hii ya ugatuzi iliyoanza mwaka 2013, limepanua ubishi huo kwa kuwaalika jamaa wa Waturkana miongoni mwa jamii za Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Mkaramojong anayekishika kigoda cha Kiturkana hutazama kama ndugu, na ndugu hukosoa. Laiti jukwaa la wageni wa heshima lisingechukua kivuli chote.

Kakuma inatoa sura nyingine. Katika kambi hii iliyoanzishwa mwaka 1992, utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) wa mwaka 2018 ulitaja zaidi ya biashara 2,000 katika kambi na mji, na duka lolote linalotaka kuonekana lahitaji kibao. Mchoraji wa ukuta wa kinyozi huchora kwa ajili ya Msomali, Mkongo, Mnuer na Mturkana ambao pengine hawana lugha moja kamili. Picha isipoeleweka mteja hupita. Wahakiki wa mjini wangefurahi kuziita kuta hizo maonyesho ya umma. Nao ulimwengu wa sanaa umekwisha kuonyesha uko tayari kuyapokea mabati: mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Nairobi, kilijenga njia ya mabati kwenye mlango wa ukumbi wa documenta mjini Kassel, Ujerumani, na mahali palipokuwa duni pakawa ndipo panapotazamwa. Wajukuu walikwenda na mabati yao. Mkimbizi wa Kakuma hawezi kuondoka eneo alilopangiwa bila kibali, na kwa hiyo turubai yake yaweza kuning'inia Nairobi, kilomita mia kadhaa kusini, kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kupanda basi. Maonyesho ambayo msanii hawezi kuyafikia hayafanywi kuwa ya umma kwa kuwekwa katika ghala.

Zaidi kaskazini, kuelekea mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini, kuna Kaikor, kituo cha biashara cha wafugaji ambako vitu hivi bado vina kazi. Uwezo wa kutofautisha alama upo Turkana tangu kale. Mawe ya makaburi ya Namoratunga, karibu na Lokori, yamechongwa alama ambazo Lynch na Robbins, katika miaka ya 1970, walizilinganisha na chapa ambazo Waturkana huwapigia mifugo wao. Watu waliozoea kumtambua ngamia wa mtu kwa mchoro wa ubavuni hawatashindwa kutofautisha mkono wa mchongaji mmoja na wa mwingine. Picha za vigoda vilivyomo Nairobi zingeweza kubandikwa kwenye baraza la duka huko Kaikor, kimo cha macho ya mtu aliyeketi, siku ambayo wafugaji huja kununua sukari na unga. Wazee wangebishana. Wengine wangesema kigoda cha tatu ni cha upande wa ziwani, wengine wangekataa. Pengine jina la mtu lingetajwa. Orodha hiyo ingeandikwa kwa Kiturkana kwanza, kisha kwa Kiswahili, pamoja na mabishano yake yote, na ndipo lebo za Nairobi zingeandikwa upya.