Jinsi Faida za Yoga Zilivyopimwa

Yoga inayofundishwa leo huchanganya mambo matatu: mikao ya mwili iitwayo asana, udhibiti wa pumzi uitwao pranayama, na utulivu wa akili. Yote hufanyika kwa pamoja, juu ya mkeka mmoja, ndani ya saa ileile. Kwa hiyo mtu anayesema yoga imempunguzia maumivu ya kiuno au imemwondolea wasiwasi huwa anasema kweli, lakini hawezi kujua kilichomsaidia: kujinyoosha, pumzi ya taratibu, ukimya, mwalimu mpole, au kule tu kutoka nyumbani na kukutana na wenzake kila wiki. Kuyatenganisha hayo kumewachukua watafiti karibu miaka 100, na namna walivyofanya ndiyo inayoonyesha ni faida zipi za kuaminiwa.

Maabara za kwanza zilikuwa India kwenyewe. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, si mbali na mji wa Pune, na mwaka huohuo akaanza kuchapisha jarida la Yoga Mimamsa ili matokeo ya vipimo yawekwe hadharani. Alitumia eksirei, vipimo vya shinikizo la damu na vifaa vya kupimia shinikizo ndani ya mwili. Jaribio lake linalotajwa zaidi lilihusu nauli, zoezi ambalo mtu hutoa pumzi yote, huingiza tumbo ndani, kisha husukuma mbele misuli miwili iliyonyooka katikati ya tumbo. Kuvalayananda alionyesha kwamba wakati huo shinikizo ndani ya utumbo mpana hushuka chini ya lile la hewa ya nje, na ndiyo maana wenye ustadi waliweza kuvuta maji hadi utumboni bila kutumia bomba la kusukumia. Jambo lililosemwa kwa vizazi kuwa nguvu ya ajabu likapata maelezo ya misuli na nafasi iliyopanuka. Msimamo wake wa kupima kwanza na kueleza baadaye ulikuwa wa thamani kubwa, hata kama watu aliowapima walikuwa wachache na wote wazoefu.

Kwa miongo kadhaa iliyofuata, watafiti wengi waliendelea kuvutiwa na maajabu. Daktari Mfaransa Thérèse Brosse alikwenda India mwaka 1935 akiwa na mashine ya kupima umeme wa moyo, na akarudi na karatasi iliyoonyesha alama zilizofifia karibu zisionekane. Dai kwamba yogi anaweza kusimamisha moyo wake likasambaa. Jibu lilipatikana mwaka 1961, pale M. A. Wenger, B. K. Bagchi na B. K. Anand walipochapisha vipimo vyao. Mapigo ya mkononi yalipotea kweli, na sauti ya moyo haikusikika kwenye stethoskopu, lakini mashine ya umeme iliendelea kuandika: moyo ulikuwa unapiga. Mbinu ilikuwa kuziba koo na kukaza kwa nguvu misuli ya kifua na tumbo. Shinikizo la ndani ya kifua hupanda, damu inayorudi moyoni hupungua, moyo hubaki na kidogo cha kusukuma, na mngurumo wa misuli iliyokazwa hufunika sauti yake. Kazi hiyo ilifunga mlango mmoja na kufungua mwingine uliokuwa muhimu zaidi, kwa sababu ilionyesha kwamba njia ya kuugusa moyo kwa hiari hupitia kwenye misuli na pumzi, vitu ambavyo mtu yeyote anavyo.

Pumzi ilipata kipimo chake kizuri mwaka 2001. Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake waliwachukua watu wazima 23 wenye afya na kuwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra inayotumika katika yoga. Ibada hizo mbili ni za mapokeo tofauti, lakini zote ziliipunguza kasi ya pumzi hadi takriban mara 6 kwa dakika. Idadi hiyo ina maana. Shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili yanayopanda na kushuka takriban kila sekunde 10. Mtu anayepumua mara 6 kwa dakika ana mzunguko wa pumzi wa sekunde 10 vilevile, hivyo pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Katika kuta za mshipa mkuu wa damu na mishipa ya shingoni kuna vitambuzi vinavyohisi shinikizo linapobadilika na kuupa moyo ishara ya kupunguza au kuongeza kasi. Wepesi wa mfumo huo ulipanda kutoka 9.5 hadi 11.5 katika kipimo kinachotumika. Wepesi mkubwa ni dalili njema, kwa kuwa wagonjwa wa moyo ambao mfumo huu wao umelala huwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Kilichovutia zaidi ni kwamba rozari na mantra zilitoa matokeo yanayofanana: aliyetaka kujua utulivu wa pranayama unatoka wapi alipata jibu lake katika mwendo wa pumzi.

Hata hivyo, kupima mabadiliko ya dakika chache ndani ya maabara hakumjibu mtu mwenye kiuno kinachomuuma kwa miaka. Hapo palihitajika majaribio ya aina nyingine: kukusanya mamia ya watu wa kawaida, kuwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja lifanye yoga na jingine lifanye kitu tofauti. Uchaguzi wa kitu hicho tofauti ndio moyo wa suala zima. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2011 liliwagawa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa madarasa 12 ya yoga katika miezi mitatu pamoja na matibabu yao ya kawaida, na wengine wakaendelea na matibabu hayo peke yake. Ulemavu wao ulipimwa kwa dodoso lenye sentensi 24 zinazouliza mambo ya kila siku, kama vile kupanda ngazi, kuvaa soksi na kugeuka kitandani. Baada ya miezi mitatu kundi la yoga lilikuwa mbele kwa pointi 2.17, na baada ya mwaka mzima kwa pointi 1.57. Tofauti si kubwa, lakini ni halisi, na kudumu kwake hadi mwaka ni jambo ambalo dawa za maumivu hazilipati kwa urahisi.

Mwaka huohuo, karibu na Seattle nchini Marekani, kikosi cha Karen Sherman kiliuliza swali gumu zaidi. Watu 228 waligawanywa makundi matatu: wengine yoga, wengine mazoezi ya kunyoosha viungo yaliyopangwa kwa makini, wengine wakapewa kitabu cha kujitunza wenyewe. Yoga ilikipita kitabu. Haikuyapita mazoezi ya kunyoosha. Matokeo haya hayakuidhalilisha yoga hata kidogo, ila yalionyesha mahali nguvu yake ilipo katika tatizo la mgongo: kuutumia mwili kwa utaratibu, mara kwa mara, chini ya usimamizi. Mwaka 2017 Robert Saper na wenzake huko Boston walichapisha jaribio la watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, kundi ambalo tafiti za yoga zilikuwa zimelisahau. Madarasa 12 ya kikundi yalilinganishwa na miadi 15 ya fiziotherapia ya mtu mmoja mmoja, na kundi la tatu likapewa elimu kupitia kitabu. Yoga haikuwa nyuma ya fiziotherapia katika kupunguza maumivu wala katika kurudisha uwezo wa kufanya kazi. Kwa hospitali yenye wataalamu wachache, darasa moja la watu kadhaa linalofanya kazi ya miadi mingi ya mtu mmoja mmoja ni habari nzito. Mwaka huohuo Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno.

Kulainika kwa viungo, faida ambayo kila anayeanza huiona ndani ya wiki chache, nako kumepata maelezo tofauti na yaliyozoeleka. Wengi hudhani msuli umerefuka. Tafiti za kujinyoosha kwa majuma matatu hadi manane zinaonyesha kwamba kinachobadilika mwanzoni ni hisia: mfumo wa fahamu hujifunza kuvumilia mvuto ambao zamani ulitoa ishara ya maumivu mapema.

Upande wa akili ulileta tatizo lisiloondoka: anayefanya yoga anajua kwamba anafanya yoga, na matumaini yake huingia katika majibu ya dodoso. Chris Streeter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston walijaribu kulipunguza kwa njia mbili. Kwanza, walilinganisha yoga na kutembea, saa moja mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, ili makundi yote mawili yapate mazoezi. Pili, pamoja na maswali ya hisia, walitumia mashine ya sumaku kupima ndani ya ubongo kiasi cha gaba, kemikali inayotuliza mishipa ya fahamu na ambayo dawa nyingi za wasiwasi huiongezea nguvu. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2010, kundi la yoga liliripoti hali njema zaidi na wasiwasi mdogo kuliko la kutembea, na kadiri gaba ilivyoongezeka katika sehemu ya ubongo iitwayo thalamasi, ndivyo hali ya mtu ilivyokuwa njema. Washiriki walikuwa 34 tu, wote wenye afya, kwa hiyo hauwezi kubebeshwa uzito wa kutibu sonona.

Ushahidi wenye uzito kwa wagonjwa ulitoka kwa Bessel van der Kolk na wenzake mwaka 2014. Wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambacho tiba za kawaida zilishindwa kukiondoa waligawanywa: darasa la yoga la saa moja kwa wiki kwa wiki 10, au semina za afya ya wanawake za muda uleule. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 6 kati ya 29 wa semina. Semina hizo zilikuwa kundi linganishi zuri, kwa sababu nazo zilikuwa na mwalimu, wenzao na mahali pa kwenda, na hivyo sehemu ya msaada unaotokana na kutunzwa na kusikilizwa ilikuwa imeshahesabiwa pande zote mbili.

Mipaka nayo imepimwa. Marshall Hagins na wenzake waliwafungia watu 20 wazoefu ndani ya chumba kinachopima hewa wanayotumia, na mwaka 2007 wakaripoti kwamba darasa la kawaida la hatha yoga hutumia nguvu inayokaribia ile ya kutembea polepole, kilomita 3.2 kwa saa. Mtu anayetaka moyo na mapafu vifanye kazi kwa bidii bado anahitaji kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 21 yenye watu 2,223 wenye maumivu sugu ya kiuno, yalikuta nafuu ndogo dhidi ya kutofanya mazoezi, na tofauti ndogo au hakuna dhidi ya mazoezi mengine. Madhara yaliyoripotiwa zaidi yalikuwa maumivu ya mgongo kuongezeka. Kusimama kwa kichwa ni suala la pekee: katika mkao huo shinikizo ndani ya jicho hupanda hadi karibu mara mbili, kwa hiyo mwenye presha ya macho hapaswi kuufanya, na mwalimu makini huuliza habari za macho, shingo, shinikizo la damu na ujauzito kabla ya mkeka kutandikwa.