Kamera Inayojua Kukataa

Kila anayeshika Olympus Pen EE yangu huuliza swali moja: "Betri inaingia wapi?" Haiingii popote. Ule mduara wa vinundu unaozunguka lenzi umefunika seleniamu, na mwanga wenyewe ndio unaoipa umeme. Mwanga ukiwa haba, kibendera chekundu kinachomoza kwenye kidirisha na kamera inakataa kupiga. Manze, hakuna kubembelezana.

Wengi huisifu kwa udogo na sura. Mimi naona uzuri wake uko kwenye bajeti. Yoshihisa Maitani, aliyebuni Pen ya kwanza ya 1959, alilenga kamera ya yeni 6,000. Hakubana lenzi, alibana fremu. Nafasi ya picha moja ya kawaida ikabeba mbili, na filamu ya picha 36 ikatoa 72. Pen EE ya 1961 ikaondoa hata kazi ya kupima umbali na kupanga mwanga. Lenga, bonyeza, basi. Tena ukiishika kawaida, picha inatoka wima, kama ya simu yako.

Kasoro zipo. Negativu ni ndogo, kwa hivyo ukikuza picha sana chembechembe zinajitokeza. Kipima mwanga nacho kinasoma wastani wa kila kilicho mbele yake. Msimamishe mtu mweusi kwenye ukuta mweupe unaong'aa, ukuta ndio utakaosikizwa na uso utazama gizani. Ndiyo maana mamangu humpiga kivulini, nyuma yake kukiwa na mlango wa mbao.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama. Nina nusu digrii, kama kuna kitu kama hicho. Labda ndiyo sababu kamera ya nusu fremu hainionekani pungufu. Maitani alijua pesa zinaishia wapi, akachagua kitakachobaki.

Filamu ya mwisho nilipiga geti la chuo, kisha mama akichambua sukuma. Zilisafishwa zikaja pamoja, mstari mweusi mwembamba katikati. Mama alizitazama kwa muda mrefu.

"Mbona umeniweka hapo getini?"

Nikamwambia sikupanga, zilifuatana tu. Akaniomba nimtolee nakala, na nisizikate.