Sauti ya Mtoto na Sauti ya Bango: Maandishi ya Haki za Mtoto na Msomaji wa Kinna

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyapita kimya maandishi yanayotolewa kwa ajili ya kutetea haki za mtoto. Vitabu vya picha, mabango na fulana zinazogawiwa tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, huachiwa maafisa wa miradi kana kwamba si matini. Makala haya yanadai kwamba nayo ni matini: yana msemaji, yana msomaji aliyekusudiwa, na yana mgogoro hata pale mgogoro huo unapofichwa. Swali letu ni moja. Katika maandishi haya, hatari inayomkabili mtoto hutoka wapi, na wokovu wake hutoka wapi? Tutalijibu huku tukimweka mbele yetu msomaji wa kudhaniwa, yaani msichana wa shule ya sekondari huko Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, ambaye huzungumza Kiborana nyumbani na kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza darasani.

Tuanze na fulana. Mwambao wetu una utamaduni mkongwe wa vazi linalosema, yaani kanga. Jina la kanga ni fumbo. Mvaaji hulichagua mwenyewe, mlengwa hujitambua mwenyewe, na ugomvi ukizuka, msemaji aweza kukana. Fulana ya kampeni humnyima mvaaji uwezo huo. Kauli imetungwa na mwingine, na mtoto aliyeivaa hugeuka ubao wa kuibebea. Watetezi wake watasema kwamba fulana haikukusudiwa kuwa fasihi, bali kukumbusha. Hoja hiyo ina uzito: msichana anayejua kwamba Sheria ya 2011 inapiga marufuku ukeketaji ana silaha ambayo nyanya yake hakuwa nayo. Lakini ukumbusho hautoshi pale anapopaswa kujibizana na nyanya huyo jioni, kwa lugha ambayo fulana haikuandikwa.

Vitabu vya picha vya Sara, vilivyotolewa na UNICEF kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kusini, vilipiga hatua mbele. Sara, akiwa na tumbili wake Zingo, si mtoto wa kuhurumiwa. Anafikiri, anapanga na kutenda. Hili ni jambo kubwa katika fasihi ambamo mtoto wa kike mara nyingi alikuwa kielelezo cha maonyo tu. Hata hivyo, ili Sara aeleweke katika nchi nyingi, ilibidi kijiji chake kiwe cha kila mahali. Tokeo la kifani ni kijiji kisicho na historia. Wanaomzuia Sara ni ndugu na majirani, na wanaomfaa ni shule na watu wenye elimu. Hatari hutoka nyumbani, wokovu hutoka nje.

Hapo ndipo msomaji wa Kinna anapokwama. Katika nchi ya Waborana wa Waso, wazee hukitaja kipindi cha vita vya shifta, 1963 hadi 1967, kwa jina la Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa katika vijiji vya kuzuiliwa, mifugo ikaangamia, na wafugaji wengi wakaachwa mafukara. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga iliyowazuia waathiriwa kudai fidia mahakamani kwa vitendo vya maafisa wa serikali kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaandika madhila ya Kaskazini mwa Kenya. Basi, kitabu kinachomwambia mtoto wa mahali hapa kwamba nyumbani ndiko kwenye hatari na ofisini ndiko kwenye usalama kinamtaka asahau aliyoyasikia kwa nyanya yake. Na nyanya ambaye ushahidi wake umepuuzwa hatasikiliza hoja kuhusu wembe.

Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2017), iliyowafikia wanafunzi wengi kwa kuwa ilikuwa kitabu cha kutahiniwa, inalishughulikia swali letu kwa uaminifu zaidi. Mateso ya Umu na ndugu zake hayaanzi na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani anayewaiba Dick na Mwaliko. Yanaanza pale baba yao, Lunga, anapopoteza kazi kwa kusema kweli, kisha akafurushwa kutoka Msitu wa Mamba. Serikali na jamaa wote wamo katika mnyororo wa dhuluma. Aidha, Tuama, aliyelazwa hospitalini baada ya kukeketwa, anaitetea desturi yenyewe. Mwandishi amempa mpinzani sauti, na bango halina nafasi ya sauti ya pili. Udhaifu wa riwaya ni sadfa: kuunganishwa tena kwa watoto katika Hoteli Majaliwa kunaliwaza, lakini kunaiondolea sheria mzigo ambao riwaya yenyewe ilikuwa imeutwika.

Kwa mtazamo wetu, kipimo cha maandishi ya haki za mtoto si usahihi wa ujumbe peke yake. Kipimo ni iwapo matini inaweza kuibeba dhuluma ya nyumbani pamoja na dhuluma ya dola bila kuitumia moja kuifunika nyingine. Hatusemi kwamba Daaba ni udhuru wa kumkeketa mtoto; mwili wa msichana haulipi deni la serikali. Tunasema kwamba Waborana wana aada na seera, mila na sheria zao, na katika mila yoyote iliyo hai hoja hujibiwa kwa hoja. Mwandishi atakayemruhusu msichana wa Kinna kumkatalia nyanya yake huku akiuamini ushahidi wake atakuwa ameandika kitabu ambacho fulana haiwezi kukifupisha. Kitabu hicho kinahitajika, na kingefaa kiandikwe na mtu aliyekulia huko.